Chumvi ya Gauri

Katika nyumba ya akina Anusuya, pale Wai kando ya mto Krishna, hakuna mpishi aliyewahi kulamba upawa. Chakula huonjwa kwanza na mungu, binadamu baadaye, na anayetangulia kuonja amekigeuza makombo. Kwa hiyo mpishi hupika kwa pua, kwa sikio na kwa ncha za vidole, na chumvi huitia kwa imani. Akikosea, atajulia mbele za watu, majani ya mgomba yakishatandazwa na midomo ikishafunguka.

Anusuya aliipika karamu ya Gauri, mungu wa kike, miaka thelathini na minne bila kuonja hata tone, na chumvi haikumwaibisha hata mara moja. Mwaka ule mto ulipopanda hadi barazani, aliweka jiko juu ya meza akapika miguu ikiwa ndani ya maji. Mwaka ule gesi ilipoadimika mji mzima, alipikia mavi makavu ya ng'ombe, macho yakimtoka machozi, na poli zake, zile chapati za kujazwa dengu tamu, zikatoka laini kama kitambaa cha kitanda cha mtoto. Kisha, mwaka jana baada ya sikukuu ya Diwali, mumewe Sadashiv alifariki, na mkono uleule ukawa nuksi.

Tena si nuksi ya kila siku. Hapo ndipo penye ujanja wa mambo haya. Siku mia tatu sitini na nne mjane apike, aoshe, achambue dengu, asukume chapati mpaka mabega yamlegee, na wote wale washibe wateuke. Siku ya mia tatu sitini na tano, Gauri akija, mkono huo usiguse sufuria. Wala hakuna anayemwambia asipike. Wanamwambia, "Pumzika." Neno tamu, limepakwa samli, na ndani yake mna kisu. Nani aliketi kikao akaipitisha sheria hii? Bila shaka mtu ambaye hajawahi kuchambua dengu. Majina ya waliotunga hayapo popote. Walioilinda, majina yao yapo, na wa mwaka huu alikuwa Shangazi Bhagirathi.

Shangazi alikuwa dada wa baba yake marehemu Sadashiv, mwenye miaka themanini na minne na goti moja bovu. Alikuwa amefika jana yake kwa basi kutoka Satara, anakoishi siku hizi, na gilasi yake mwenyewe ndani ya mkoba, kwa sababu hakuwa na imani na gilasi za watu. Asubuhi hiyo ya karamu alivuta kiti cha plastiki akakiegesha katikati ya mlango wa jikoni, akanyoosha goti lake juu ya gunia la mchele, akatulia kama kufuli.

"Wewe Anusuya pumzika," alisema. "Kaa uani, kata majani ya mgomba, upate upepo."

"Upepo nimeupata tangu Diwali, Shangazi," alisema Anusuya. "Nina upepo wa kuuza."

Lakini akatoka na kisu chake, akaketi chini ya dirisha la jikoni, karibu na mrehani mtakatifu wa uani, Tulasi, uliopandwa kwenye kisanduku chake cha saruji. Moyoni alikuwa anatokota. Hakuwa na uchungu wa kulia. Alikuwa na ule mwingine, wa mtu aliyenyang'anywa kazi anayoiweza kuliko wote na kuambiwa ashukuru. Alitaka kitu kimoja tu: kumpikia Gauri. Gauri ni binti wa kila nyumba. Huja kwao siku tatu tu katika mwaka: siku ya kwanza hupokelewa, ya pili hulishwa, ya tatu huondoka. Leo ilikuwa ya pili. Nyuso zake za shaba zilikuwa zimesimama sebuleni tangu jana, zimevishwa sari ya kijani na maua ya jasmini, zikisubiri kula. Na aliyekabidhiwa kumlisha alikuwa Ketaki, mke wa mwanawe Hemant, msichana wa Nagpur mwenye miezi kumi na minne ndani ya nyumba hiyo.

Ketaki alipiga chafya.

"Ya ngapi hiyo?" aliuliza Shangazi kutoka mlangoni.

"Ya tatu, Shangazi."

"Ya saba. Nahesabu. Juzi jioni ulikula nini?"

Ketaki alijibu kwa sauti ya mwizi: "Mtindi kidogo."

"Mtindi! Jua limezama! Mwezi wa Bhadrapad, mvua inanyesha, kila kifua mjini kina makohozi, na wewe unakula mtindi! Hata ng'ombe mwenyewe angekukataza!"

"Hemant ndiye aliyeuleta..."

"Hemant alinyonya mpaka miaka minne, akili zake zote ni za maziwa. Wewe huna mama aliyekufundisha?"

"Anaye," alijibu Anusuya kutoka uani, "na leo amepumzishwa."

Shangazi alijifanya hakusikia. Alikuwa na masikio ya kuchagua.

Punde kichwa cha Ketaki kikachungulia dirishani, pua nyekundu kama pilipili ya Byadgi. "Mama," alinong'ona, "sisikii harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya chochote. Nimeuweka mvuje chini ya pua kabisa. Ni kama chaki."

Anusuya alisimamisha kisu. Mvuje ule ukifunguliwa jikoni, jirani wa nyumba ya tatu hujua. Mtu asiyesikia mvuje, pua yake imehama. Na pua ndiyo macho ya jiko lile, maana ulimi umekatazwa. Jikoni mlikuwa na mboga kumi na sita ndani ya sufuria moja, uji wa mtama, dengu za sukari guru za kujazia poli, na mchuzi mwembamba wa maji ya dengu hizo, amti, wenye ukwaju, nazi ya kukaanga na viungo. Kitunguu hakuna wala kitunguu saumu, maana huchemsha damu, na siku ya mungu damu haichemshwi. Kila kitu kilitegemea mizani. Na mwenye mizani amepotewa na pua.

"Usimwambie Shangazi," Ketaki alisema. "Atamwambia Hemant, Hemant atamwambia mama yangu kwa simu, na mama yangu atakuja."

"Rudi jikoni. Tega sikio."

"Nisikie nini?"

"Nitakayomwambia Tulasi."

Na Anusuya akageukia mrehani, akaanza kuukatia majani makavu, akazungumza nao kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za kijiji.

"Ewe Tulasi, mwanangu," alisema, "unasikia vile? Dengu zinasema buku-buku-buku. Zikisema vile zina maji mengi. Zikianza kusema puf, puf, ndiyo wakati wa sukari guru. Usiziharakishe."

Jikoni kijiko kilitulia.

"Sasa, Tulasi. Puf. Umesikia? Sasa hivi."

Vipande vya sukari guru vikatumbukia.

"Koroga kutoka chini, binti yangu. Upande wa kushoto, ndiko jiko linakouma. Naisikia harufu yake inataka kuwa kahawia. Punguza moto. Punguza tena. Hapo!"

"Unazungumza na nani?" Shangazi aliita.

"Na mrehani, Shangazi."

"Unauambia upunguze moto?"

"Una joto jingi mwaka huu. Majani yanakunjamana. Au mjane haruhusiwi kuzungumza na mti?"

Shangazi alifikiri. Alizipitia sheria zote kichwani mwake, na zilikuwa nyingi, lakini hakupata iliyokataza. "Zungumza," alisema kwa shingo upande. "Ila usiuguse maua."

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Tulasi aliambiwa atie iliki sasa, kungumanga mwishoni, akaambiwa haradali zikiacha kuruka atupie bizari nyembamba upesi. Tulasi alikaripiwa kwa kukata mabamia manene. Tulasi aliulizwa kama kwao Nagpur ukwaju hulowekwa kwa maji baridi, na ndani ya jikoni mrehani ukacheka ukapiga chafya. Anusuya naye alijikuta anacheka. Majani ya mgomba yalikuwa yamelala mapajani mwake bila kukatwa, na mikono yake ilikuwa ikikoroga hewani.

Saa tano na nusu ilipopita, Hemant aliita kutoka sebuleni, "Tayari? Saa nzuri inapita!"

"Bado amti!" alijibu Ketaki.

Hapo Anusuya alisikia mlio wa kifuniko cha kauri. Mtungi wa chumvi wa nyumba ile ulikuwa wa kauri nyeupe wenye ufa mmoja, na kifuniko chake kikirudishwa hulia *ting*. Ting. Ketaki ametia chumvi ya amti. Vyema, kipimo alikwisha kufundishwa, kiganja kimoja kwa sufuria ile. Kisha Ketaki alitoka mbio kwenda kuvaa sari ya sherehe, maana asingeingia mbele ya Gauri na ile yenye manjano. Mlango wa chumbani ukafungwa.

Ting.

Anusuya aliinua kichwa.

Kiti cha plastiki kilikuwa kimelia kidogo kabla ya hapo, kile kilio cha kiti mtu anapoinuka kwa shida. Sasa kikalia tena, cha mtu anayeketi. Jikoni hamkuwa na mtu mwingine.

Alielewa yote mara moja. Shangazi hakuiamini pua ya mafua. Alikuwa amesogea, akatia chumvi mwenyewe, ili mambo yasiharibike. Na mkono wa Shangazi Bhagirathi ulikuwa mkono gani? Mkono huo uliolewa utotoni, ukafiwa na mume ukiwa na miaka kumi na mitano, ukarudishwa nyumba hii hii kama mzigo uliokosa mwenyewe. Uliwapikia watu thelathini wa nyumba hii kila siku, asubuhi na jioni, kwa miaka arobaini, isipokuwa siku ya Gauri. Ulijua kipimo kimoja tu, cha watu thelathini. Na ile amti ilikuwa ya watu kumi.

Amti imekuwa bahari. Na hakuna atakayejua, maana hakuna atakayeonja, mpaka Gauri aonje kwanza.

Anusuya alikaa palepale na kisu mkononi, na tuseme kweli, utamu ulimpanda. Angenyamaza tu. Angekata majani yake, angetabasamu, na saa sita kamili wageni wote wangekunja nyuso, na kila mtu angejua nyumba hii hulaje pasipo mkono wake. Mwakani wangemfuata kwa magoti. Wapo wanaotetea haki zao hivyo, kwa kuuacha moto uunguze. Si wabaya, wamechoka tu. Naye alikuwa amechoka.

Lakini sebuleni zile nyuso za shaba zilikuwa zinasubiri. Binti amesafiri mwaka mzima kuja kula kwao mlo mmoja, na mama yake anajua kwamba mlo huo ni maji ya chumvi, na amekaa uani anachekelea. Mama gani huyo?

Alinyanyuka. Akanawa mikono na miguu kwenye beseni la uani, akafunga ncha ya sari kiunoni, akaja mlangoni pa jikoni, na kusimama mbele ya kiti cha plastiki.

"Sogea, Shangazi."

"Umechanganyikiwa? Leo ni siku gani?"

"Ni siku ya amti kuwa na chumvi mara mbili. Ketaki ametia, na wewe umetia."

Ketaki alikuwa amerudi, sari mpya ya rangi ya parachichi ikiwa imefungwa nusu, mdomo wazi. "Mimi nimetia kiganja kimoja, Mama. Kama ulivyomwambia Tulasi."

"Ulivyomwambia nani?" alisema Shangazi.

"Tuyaache ya Tulasi. Shangazi, wewe umetia kiasi gani?"

Kizee kiliinua mkono wake wa kulia, kikaukunja kiganja kama bakuli, kikautazama. Bakuli la haja.

"Hiki," alisema. "Na kingine kidogo." Kisha uso wake ukabadilika rangi, maana jambo jingine lilikuwa linamjia taratibu, kama basi la Satara. Bado alikuwa anautazama mkono wake. "Anusuya," alisema polepole. "Mimi nimeitia mkono sufuria ya Gauri."

Miaka sitini na tisa mwanamke yule hakuwa ameigusa sufuria ile. Alikuwa ameilinda isiguswe na wajane, yeye wa kwanza. Na leo, kwa hofu tu kwamba chakula kitapwaya, mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Ulikuwa umesahau kwamba ni wa mjane. Ulikumbuka tu kwamba ni wa mpishi.

"Nimeinajisi," alisema Shangazi. "Imwagwe."

"Imwagwe?" Anusuya alishika kiuno. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chakula ni mungu. Nilipoingia nyumba hii nikaangusha punje za wali, ulinifanya niziokote moja moja na kuzigusisha kipajini. Leo nimwage sufuria nzima mferejini, siku ya sikukuu? Haya, chagua dhambi unayoitaka, sasa ziko mbili."

"Ni saa tano na dakika arobaini," alisema Ketaki kwa woga.

"Dhambi ziko mbili. Wewe nyamaza, funga sari yako."

Shangazi alikuwa anatikisa kichwa. "Una hasira, Anusuya. Tangu asubuhi una hasira. Hasira ya mpishi huingia chakulani, mlaji akaumwa tumbo. Hata ungekuwa na mume nisingekuruhusu na uso huo."

"Hasira yangu ni ya kutopika," alisema Anusuya. "Nipe upawa uone itakavyokwisha. Tena nikuulize, Shangazi, na unijibu kwa moyo wako, si kwa vitabu vya watu. Wewe ulirudi nyumba hii na miaka kumi na mitano. Ulilia njia nzima. Ulipofika, mama yako alikupa nini?"

Shangazi alilisugua goti lake. "Wali na mtindi," alisema.

"Na kabla ya kula ulimuuliza kama mume wake yu hai?"

"Baba alikuwa amekwisha kufa," alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama alikuwa mjane. Nilikula sahani mbili."

"Basi Gauri naye yuko kwao," alisema Anusuya. "Ana njaa. Sogea."

Kiti cha plastiki kililia. Shangazi aliteremsha goti lake kutoka kwenye gunia, akakisukuma kiti kando, nusu hatua, kisha hatua nzima.

Anusuya aliingia kama maji. "Ketaki, dengu zilizobaki, zile za akiba, zitie kwenye sufuria ya kuoshea miguu ya wageni."

"Mama!"

"Nakutania. Sufuria kubwa ya shaba, juu kule. Maji mara mbili, dengu zote, moto mkali. Nazi nyingine, kaanga mpaka iwe rangi ya mkono wangu. Hapana, usiutazame mkono wako, rangi ya wangu mimi. Ukwaju. Sukari guru kidogo. Chumvi usiiguse kabisa, hata kwa macho. Tunaizidisha amti mara tatu."

"Itakuwa ya watu thelathini," alisema Ketaki.

"Ndiyo. Shangazi amekwisha kuitilia chumvi ya watu thelathini. Hemant!"

"Naam, Mama!" Hemant alitokea, akamwona mama yake jikoni, akamtazama Shangazi, akayatazama matumbo ya sufuria, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajua kufunga mdomo.

"Pita mtaa mzima. Waambie waje kula. Wa nyumba ya Kambli, wa yule fundi viatu wa kona, mwalimu na watoto wake, wote. Usimruke mtu."

"Hata yule fundi viatu, asiye wa tabaka letu?" alisema Shangazi.

"Shangazi, leo tumevunja sheria moja, tumalize na hizo nyingine maadam mikono imelowa."

Shangazi alifumba macho. Lakini alisema, "Basi leta huo unga wa poli nisukume mimi. Huyu mtoto anapiga chafya juu yake."

Hivyo saa sita ilipofika, jani la kwanza liliwekwa mbele ya Gauri: limao na chatne kushoto, mboga kumi na sita kulia, wali katikati na samli juu yake, poli ikitoa mvuke, na amti ndani ya bakuli la shaba. Hemant alizungusha maji kwa kiganja, mlango ukasogezwa ili binti ale bila kutazamwa, na wote wakasubiri kimya barazani. Anusuya hakuwa anapumua. Katika miaka yake yote ya kupika, hakuwahi kuitia amti moja mikono ya wajane wawili, mafua mamoja na hasira ya miezi kumi.

Kisha majani yalitandazwa, mawili mawili, mpaka baraza likajaa na wengine wakakaa uani karibu na Tulasi. Fundi viatu alikaa kando ya mwalimu. Shangazi Bhagirathi alikataa kukaa peke yake ndani kama ada ya wajane wa zamani. Alisema goti halimruhusu kwenda mbali, akajiketisha kati ya Ketaki na mlango. Alichukua amti kwa kiganja, akanywa. Akatafuna alichokuta, ingawa hakuna cha kutafuna kwenye amti.

"Imepwaya," alisema.

"Nini?"

"Chumvi imepungua. Umetia maji mengi, Anusuya."

Fundi viatu alisema kwamba kwake ni sawasawa kabisa. Mwalimu alisema kwake imezidi kidogo. Ketaki alisema kwamba kwake yeye ni maji moto, hasikii kitu, na akaomba poli ya nne, na baraza zima likamcheka. Anusuya alicheka mpaka akashika ubavu. Alitazama ndani moyoni mwake akaitafuta ile hasira ya miezi kumi, akaikuta ipo bado, maana mambo haya hayaishi kwa sufuria moja, lakini ilikuwa imeshiba, imelala upande.

"Kesho," alisema Shangazi, akikunja poli yake ndani ya samli, bila kumtazama mtu, "Gauri anaondoka. Lazima afungiwe wali na mtindi wa njiani."

"Ndiyo, Shangazi," alisema Ketaki. "Nitaamka mapema."

"Wewe utakunywa tangawizi na pilipili manga, hutagusa mtindi. Nitauchanganya mimi." Alimeza. "Anusuya atasimama karibu nami. Aniambie kuhusu chumvi. Anaweza kumwambia Tulasi akipenda."

"Na watu wakisema?" aliuliza Hemant.

"Wakisema, waambie wamekwisha kula," alisema Shangazi, na akasukuma bakuli lake mbele kuomba amti nyingine.